Kasri la Vioo la Mheshimiwa

Mtaa mzima ulimwita Bwana Kioo, na yeye hakuwahi kuuliza kama jina hilo ni sifa au ni kejeli. Kwa mtu wa aina yake swali hilo halina maana, maana kila alilosemwa alilipokea kama sifa. Alianza ufundi wa vioo akiwa kijana, kwa kufagia vipande katika karakana ya mjomba wake. Akapanda hadi kushika kioo, akapanda tena hadi kukabidhiwa almasi ya kukatia, na hatimaye akafungua duka lake mwenyewe lenye mlango wa kioo, kaunta ya kioo na rafu za kioo ambazo hakuna mteja aliyethubutu kuziegemea. Vidole vyake vilijaa makovu, na kila kovu alilionyesha kama wengine wanavyoonyesha vyeti. Akipata kioo kizuri alikigonga kwa ukucha, akatega sikio, akafumba macho kwa raha. Mkewe aliwahi kusema kwamba katika ndoa yao yote hajawahi kusikilizwa kwa makini namna hiyo.

Nyumba yao ndiyo ilikuwa fahari yake. Sebuleni aliweka dirisha la kioo kimoja kutoka ukuta hadi ukuta, bila fremu ya katikati, bila bawaba, bila kitasa, limezibwa kwa silikoni pande zote nne. Wageni walipoingia aliwasimamisha mbele yake wakashangae kwanza, ndipo wakaribishwe kukaa. Jikoni vilevile, chumbani vilevile. Nyumba nzima haikuwa na dirisha hata moja la kufunguka, kwa sababu kwa Bwana Kioo dirisha la kufunguka lilikuwa ni dirisha lenye ufa uliohalalishwa.

"Baba watoto, humu ndani hakuna hewa," mkewe alimwambia mwaka waliohamia, na mwaka uliofuata, na mingine yote iliyofuata.

"Unataka hewa au unataka vumbi?" alijibu Bwana Kioo. "Mimi nyumba yangu haijawahi kuingia nzi."

Na kweli, nzi hawakuingia. Nzi ni mdudu mchafu lakini si mjinga.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Kwenye mashine alishonea ndani, lakini kazi za mkono, vifungo na pindo na vishikizo, alizichukua akaenda nazo mlango wa nyuma, akavuta kigoda na kukaa pale kwenye ngazi hadi jua lizame. Bwana Kioo alijua sababu, kama alivyojua sababu ya kila kitu: mkewe anapenda umbea. Kwamba mlango ule ulitazamana na ukuta wa jirani, na kwamba hapakuwa na mtu wa kuteta naye isipokuwa mlimau mmoja uliopandwa kwenye ndoo kuukuu, hayo yalikuwa mambo madogo ambayo hayakumsumbua.

Basi siku moja Bwana Kioo na shemeji yake walikuwa wakiingiza kioo kikubwa katika nyumba ya mteja. Shemeji huyu, mdogo wa kiume wa mkewe, ndiye aliyekuwa mshika kioo wake: jitu la kifua kipana, mtu wa kujitapa kwamba duniani haogopi kitu ila kukosa kazi. Walipopita kando ya ua wa miti, kinyonga akashuka kutoka kwenye tawi, akaweka mguu mmoja juu ya kioo, akafikiri, akaweka wa pili. Shemeji akamwona. Alichokifanya shemeji hakihitaji maelezo marefu, itoshe kusema kwamba kioo kilivunjika na yeye akapatikana barabarani.

Bwana Kioo alibaki na kipande mkononi, na kinyonga juu ya kipande, akiendelea na safari yake kama vile hakuna kilichotokea. Katika maisha yake fundi alikuwa ameona watu wakipiga mayowe kioo kikivunjika, wakilaani, wakishika vichwa. Hakuwa amewahi kuona kiumbe anayepuuza kabisa. Akamheshimu papo hapo, akamtia kwenye kofia yake na kwenda naye nyumbani.

Mkewe alipomwona alipanda juu ya kiti. Akakaa juu ya kiti hicho kwa muda mrefu, akimtazama mnyama anavyokwenda sakafuni, mbele kidogo, nyuma kidogo, akiyumba, jicho moja likielekea mlangoni na jingine likielekea mezani.

"Tazama anavyotembea," akasema hatimaye, bado kitini. "Jicho moja kwa wananchi, jingine kwenye chakula. Na kila akipiga hatua anasimama kungoja makofi. Huyu ni mheshimiwa."

Jina likamkaa. Mheshimiwa akawekwa kwenye mlimau wa mlango wa nyuma, na haikupita muda yule aliyempandia kiti ndiye akawa anamwindia panzi majanini kwa upindo wa gauni lake. Asubuhi aliunyunyizia mlimau maji, na Mheshimiwa akatoka taratibu na kulamba matone kwenye majani. Mchana jua lilipita juu ya ukuta wa jirani na kumwangazia, na likizidi alijisogeza kivulini mwenyewe. Rangi yake ilikuwa ya majani mabichi. Mama wa nyumba naye alishona vifungo vyake na kuzungumza.

"Mheshimiwa, hebu nitazamie, huu upindo umenyooka?"

Mheshimiwa alielekeza jicho moja kwenye upindo na jingine kwake. Watoto wote walikuwa wameshaondoka, kila mmoja na mji wake, na nyumba ile ya vioo ilikuwa kimya. Mwanamke huyu alikuwa na mambo mengi ya kusema, na hatimaye alikuwa amepata wa kuambiwa.

Mambo yangeendelea hivyo kwa heri kama watu wasingeanza kuja kumtazama. Kwanza wateja wa cherehani, kisha majirani, kisha watu wasiojulikana ni wa nani. Walipita sebuleni, mbele ya kile kioo cha ukuta hadi ukuta, bila hata kugeuza shingo, wakaenda kuinama mlango wa nyuma kumshangaa mnyama aliyekaa kwenye ndoo. Bwana Kioo aliliona hilo na likamkaa rohoni.

"Haiwezekani," alimwambia mkewe. "Kiumbe kama yule anakaa kwenye ndoo? Watu watasema nini juu yangu?"

"Lakini yupo vizuri pale."

"Vizuri! Wewe unaijua nyumba nzuri?"

Mkewe akarudi kwenye vifungo vyake, maana jibu alilokuwa nalo lingewafikisha pabaya.

Bwana Kioo akajifungia karakanani na kutoka na kasri. Hakuna neno jingine linalofaa. Lilikuwa la kioo pande zote, kingo zimesuguliwa hadi zinateleza, maungio ya silikoni isiyoonekana, na kifuniko cha kioo chenye upenyo mmoja tu, wa kupitishia panzi. Ukuta wa nyuma aliuweka kioo cha kujitazamia, ili mteja akisimama mbele aone vinyonga wawili. Ndani alisimamisha tawi kavu lililopigwa vanishi, na chini yake bakuli la maji la kioo cha nakshi ambalo mkewe hakuwahi kuruhusiwa kulitumia hata kwa wageni. Kasri likawekwa dukani, kwenye kona ya mbele inayopigwa na jua kutwa, na Mheshimiwa akahamishwa kutoka ndoo kwenda ikulu.

Siku ile ile alifanya jambo la ajabu. Alipojiona kwenye ukuta wa nyuma alijivimbisha, akabadilika kutoka kijani kuwa kahawia iliyokolea, akafungua mdomo wote na kuyumbayumba.

"Mnaona!" Bwana Kioo akawaambia wateja. "Anajipenda! Tangu azaliwe hajawahi kujiona!"

"Hata mimi nikijiona asubuhi huwa naachama hivyo hivyo," mteja mmoja akasema, na duka zima likacheka. Mheshimiwa peke yake hakucheka. Aliendelea kuachama hadi duka lilipofungwa.

Biashara ilichangamka. Watu walisimama kumtazama kinyonga, na wakiwa wamesimama wakakumbuka kwamba dirisha lao la choo lina ufa. Bwana Kioo alivikwa vilemba vya ukoka kutwa kucha na vyote vikamwenea. Mkewe alikuwa akipitia dukani na kopo la panzi, akawapenyeza mmoja mmoja kwenye upenyo, akasimama kidogo, kisha akarudi kwenye ngazi yake ya mlango wa nyuma kukaa na mlimau mtupu.

"Amekonda," alisema siku moja.

"Ni kioo hicho, kinapunguza vitu."

"Jana uliniambia kinakuza."

"Inategemea umesimama wapi," akasema Bwana Kioo, na akaenda kupima mlango wa mtu.

Lakini alikuwa amekonda kweli. Macho yake, yale macho ya kuzunguka huku na huku kama mkaguzi, yakaanza kudidimia. Moja likawa linafumba mchana. Rangi ya kijani haikurudi tena, akawa kahawia, kisha mweusi wa masizi. Ulimi, ambao zamani ulifyatuka na kumnasa panzi kabla panzi hajamaliza wazo lake, sasa ulitoka kidogo na kuning'inia, na mwenyewe akaurudisha kwa shida. Panzi wakazoea. Walioletwa kuwa chakula wakageuka wapangaji, wakawa wanapanda mgongoni kwake kutazama barabara.

Kila aliyeingia dukani akawa daktari. Shemeji, akiwa amesimama mlangoni, maana zaidi ya hapo hakuwahi kusogea, alisema ni minyoo. Mteja mmoja alisema ni uzee, mwingine akasema vinyonga ndivyo walivyo, wanabadilika rangi, kwani fundi hakujua? Bwana Kioo aliwasikiliza wote kwa upole wa mtu ambaye ameshapata jibu lake. Kwa maoni yake Mheshimiwa alikuwa mpweke. Alizoea kuwa na mama wa nyumba kutwa, na sasa hana mwenzake ila yule mmoja wa ukuta wa nyuma. Dawa ya upweke kwa fundi vioo inajulikana. Akabandika vioo vya kujitazamia kuta za pembeni pia.

Sasa Mheshimiwa alikuwa amezungukwa na wapinzani pande tatu, hali ambayo hata waheshimiwa wenyewe huwatoa jasho. Alivimba, akaachama, akayumba, akavimba tena, na vivuli vyake vyote vikavimba pamoja naye bila hata kimoja kukubali kushindwa. "Amechangamka," akasema Bwana Kioo.

Kesho yake mkewe alikuja na kopo lake akamkuta chini. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye tawi la vanishi na kulala ubavu kando ya bakuli la nakshi, mguu wa mbele umepinda pale pasipopindika, macho yote mawili yamefumba. Panzi mmoja alikuwa amekaa juu ya tawi, kwenye nafasi yake.

Mama wa nyumba akakiinua kile kifuniko bila kuomba ruhusa, akaingiza mkono na kumgusa. Mheshimiwa akapumua kidogo, basi.

"Huyu anakufa," akasema.

"Hapana, amelala tu..."

"Nimekwambia anakufa!" Na akalia, pale pale dukani, mbele ya mteja aliyekuja kuulizia kioo cha kabati. Bwana Kioo hakuwa amemwona mkewe akilia tangu mtoto wao wa mwisho alipoondoka nyumbani.

"Mke wangu, ni kinyonga tu."

"Ni kinyonga tu, ndiyo. Lakini ndiye ninayeongea naye."

"Na mimi je?"

"Wewe unaongea na vioo."

Mteja wa kabati akaona ni bora arudi siku nyingine.

Kulikuwa na kliniki ya wanyama upande wa pili wa soko, na mkewe alikwishajifunga mtandio tayari kwenda. Alitaka kumbeba mgonjwa mkononi. Bwana Kioo akakataa katakata. Mgonjwa wa hadhi ile hapelekwi kwa daktari mikononi kama kitunguu; ataenda na kasri lake. Ukweli ni kwamba hata katika saa ile ya msiba alikuwa amekumbuka kuwa kliniki nayo ina madirisha. Basi kasri likapandishwa kwenye mkokoteni wa kubebea vioo, shemeji akausukuma kwa mikono iliyonyooka hadi mwisho, uso ameugeuzia pembeni, na mama wa nyumba akatembea kando yake akiwa ameweka kiganja juu ya kifuniko. Watu waliokutana nao njiani walinyamaza kama wanaopishana na maiti.

Kliniki ilikuwa na benchi, mbwa mwenye bandeji, paka ndani ya kikapu na kuku aliyefungwa miguu. Wote waliligeukia kasri. Mwenye mbwa alijisogeza, mwenye kuku akasogea zaidi, na benchi lote likawa lao.

Daktari alikuwa mwanamke, bado ana mabuti ya mpira miguuni, ametoka kumzalisha ng'ombe wa mtu. Alilitazama kasri, akamtazama aliyemo, akaosha mikono upya.

"Nisiwadanganye," alisema. "Ng'ombe nimezoea, mbwa nimezoea. Kinyonga ni mara yangu ya kwanza. Nipeni dakika, nina mwenzangu anayewajua."

Akaingia ndani na kupiga simu, wakamsikia akiuliza na kuitikia kwa muda mrefu. Bwana Kioo akapata nafasi ya kufuta alama za vidole kwenye kasri kwa kitambaa chake. Daktari aliporudi alivuta kiti akaketi mbele yao.

"Anakunywa wapi, mama?"

"Kwenye bakuli lile," Bwana Kioo akadakia. "Kioo cha nakshi."

"Umewahi kumwona akinywa?"

Bwana Kioo akafikiri. Alikuwa amewahi kuliona bakuli. Mnywaji, hapana.

"Alipokuwa nyumbani alikuwa analamba majani," mkewe akasema polepole. "Nilikuwa naumwagilia mlimau asubuhi."

"Ndivyo wanavyokunywa. Wanalamba matone. Bakuli hawalioni kama maji, atakufa kwa kiu amesimama juu yake." Akamwinua Mheshimiwa kwa vidole viwili, akamgeuza. "Na hii miguu. Mifupa imelainika. Anapata jua?"

"Jua?" Bwana Kioo akapata pumzi. "Daktari, hapo ndipo nilipompendelea. Kona yangu inapigwa na jua kuanzia asubuhi hadi jioni."

"Jua lenyewe, au jua la kupitia kioo?"

"Kupitia kioo. Lakini si kioo cha hivi hivi, ni kioo changu."

"Mwanga unapita, mzee. Joto pia linapita, tena linakwama humo ndani bila pa kutokea. Lakini ile sehemu ya jua inayompa mifupa imara, kioo huizuia karibu yote."

"Kioo changu?"

"Kioo chochote."

Bwana Kioo alikuwa ametukanwa mara nyingi maishani na hakujali. Hakuwa amewahi kusikia kioo kikitukanwa mbele yake. Akafungua mdomo, akajivimbisha kidogo, na kama si binadamu angebadilika rangi.

Daktari hakungoja. Alimrudisha Mheshimiwa kwenye tawi lake, na jicho moja likafunguka kwa shida, likauona ukuta. Mwili uliokuwa mweusi ukazidi kuwa mweusi. Mbavu zikatuna. Mdomo, ambao hata panzi ulikuwa haumudu, ukaanza kufunguka.

"Anafanya hivi tangu lini?"

"Anajitazama," Bwana Kioo akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Anajipenda."

"Anadhani ni kinyonga mwingine amekuja kumfukuza. Na hawezi kumkimbia, maana kila anakogeuka yupo." Akalivua koti lake na kulitundika juu ya kuta zile tatu.

Wakangoja. Shemeji alichungulia kutoka mlangoni. Kuku kule benchini alilia mara moja akanyamaza. Taratibu, kuanzia shingoni, weusi ukaanza kufifia. Ukawa kahawia, ukawa kahawia hafifu, na ubavuni ikatokea rangi ya kijani, kidogo sana, kama jani linaloanza. Mama wa nyumba akashika mdomo.

"Kwa hiyo siku zote hizo," akasema, "alikuwa anapigana?"

"Siku zote, mama. Bila kupumzika."

Bwana Kioo aliona aibu. Ilimpanda kutoka miguuni na hakujua aiweke wapi, kwa hiyo akafanya anachokijua. "Nitatoboa matundu," akasema. "Nitainua kifuniko. Nitaondoa vya kujitazamia nibakize vya kawaida."

"Mzee wangu," daktari akasema, na alisema kwa upole, jambo lililozidi kuuma, "hii nyumba ndiyo ugonjwa."

"Si nilisema mimi?" shemeji akasema kutoka mlangoni. Hakuna aliyemkumbusha minyoo.

Walipewa dawa ya madini ya chokaa kwa ajili ya mifupa, ya kumdondoshea mdomoni, na masharti. Maji ya kunyunyiza kwenye majani, asubuhi na jioni. Jua la asubuhi limguse ngozi yenyewe, na kivuli kiwe karibu akitaka kujificha. Hewa inayotembea. Lakini asirudishwe nje kwa sasa, maana hana nguvu ya kukimbia, na paka na kunguru wa mtaani hawana huruma kwa wagonjwa.

"Sasa tumweke wapi?" mkewe akauliza. "Ndani, lakini juani, na kwenye hewa?"

"Mbona rahisi, mama. Dirishani. Mfungulieni dirisha, mweke wavu."

Mkewe aligeuka akamtazama Bwana Kioo. Njia nzima ya kurudi alimbeba Mheshimiwa kifuani ndani ya mtandio, kasri likigongana tupu kwenye mkokoteni.

Walipofika aliuburuta mlimau na ndoo yake hadi sebuleni, akauweka mbele ya kile kioo cha ukuta hadi ukuta, akamweka mgonjwa kwenye tawi. Jua lilimwagika pote, zuri, safi, lisilofaa kitu. Bwana Kioo akaenda jikoni kutazama dirisha la jikoni, lakini dirisha hilo alilifunga yeye na alijua alivyolifunga. Akaenda chumbani, akaenda chumba cha watoto, akasukuma hapa, akabonyeza pale. Alizunguka nyumba nzima akitafuta pa kupitisha hewa ya kumtosha kinyonga mmoja na hakupata. Jasho lilimtiririka mgongoni hadi shati likagandana na ngozi, na ndipo ilipomjia kwamba ni adhuhuri, na kwamba yeye saa hizi za mchana huwa dukani, mlango wazi, feni juu ya kichwa. Kumbe nyumba yake mchana hakuwa anaijua.

Akachukua kisu cha silikoni. Alikata upande wa kwanza polepole, wa pili polepole zaidi, kama mtu anayemnyoa mzazi wake. Shemeji akaitwa kushika. Mheshimiwa alikuwa hatua mbili kutoka kwake na jicho moja lililofunguka lilikuwa linamwelekea yeye moja kwa moja, na jitu lile lilitetemeka kuanzia kidevu hadi magoti, lakini safari hii halikuachia. Kioo kikatoka kizima. Hewa ikaingia kwa kishindo, pazia ambalo tangu litundikwe halijawahi kusogea likaruka hadi dari, na nyuma ya hewa, bila kualikwa, akaingia nzi. Bwana Kioo akavua kandambili kumwinda.

"Mwache," mkewe akasema. "Huyo ni chakula."

Mheshimiwa hakumla yule, alikuwa bado hoi. Ilichukua muda. Mama wa nyumba alimdondoshea dawa, akamnyunyizia majani, akamkalia karibu, akamsimulia yote aliyokuwa amemwekea tangu ahamie ikulu. Macho yakarudi juu kidogo kidogo. Mguu uliopinda haukunyooka tena, akabaki nao hivyo, na mwendo wake ukawa wa kuyumba kuliko zamani. Kisha asubuhi moja nzi aliyepenya ndani alitua kwenye wavu uliowekwa dirishani, ulimi ukafyatuka, na nzi hakuwepo tena. Mama wa nyumba alicheka kicheko ambacho shemeji alikisikia akiwa barabarani.

Habari zikaenea, na watu wakaja tena kutazama. Bwana Kioo, ambaye alishusha bega kwa wiki mbili hivi, akaona kwamba sasa hali inaruhusu kulipandisha. Kasri lilikuwa dukani na maua ya plastiki, ambayo mpaka leo hayajalalamika. Sebuleni aliwasimamisha wageni mbele ya wavu, kama zamani alivyowasimamisha mbele ya kioo.

"Mimi niliona mara moja," akawaambia. "Nikasema, kiumbe yeyote mwenye uhai anahitaji hewa. Sikungoja kuambiwa mara ya pili. Siku ile ile nikaling'oa."

Wageni wakatikisa vichwa kwa kumsifu. Hapo ndipo alipogundua kigoda. Kilikuwa pale chini ya dirisha, kigoda kile cha mlango wa nyuma, na mkewe alikuwa amekaa juu yake akitia uzi kwenye sindano, shati la mtu mapajani. Akajaribu kukumbuka mara ya mwisho alipomwona kwenye ngazi ya nyuma, na hakukumbuka.

"Mbona siku hizi hukai nje?" akamuuliza.

"Nje nikafanye nini?"

"Si ulikuwa unapenda."

"Nani alikwambia napenda? Nilikuwa nafuata hewa." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Mimi nimekuomba dirisha tangu watoto wadogo. Mheshimiwa hakukuomba hata siku moja, ukamng'olea. Wala sikulaumu, ni ujinga wangu mwenyewe. Ningejua, ningebadilika rangi mapema."

Wageni wakatazama sakafu. Mheshimiwa, jicho moja kwa mke na jingine kwa mume, aliendelea kuyumba kwenye tawi lake. Bwana Kioo alisimama pale mbele yao wote. Alimtazama mkewe kama mtu anayepima. Kisha akakichukua kisu chake cha silikoni mezani, akaenda kwenye dirisha la chumbani kwao, na safari hii hakuuliza kama ni hewa au ni vumbi.